Nahodha ni Mmoja

Kila mtu akaaye Mombasa na jamaa zake wakiwa bara hujua ya kuwa likizo ya Agosti haiji peke yake. Huja na wageni. Huja mjomba na mkaza mjomba, huja wajukuu, na aghalabu huja pia rafiki wa zamani ambaye hakuleta habari mapema, akitumaini kwamba nyumba ya mtu mmoja haijai. Na kweli haijai. Mikeka hutandikwa, sufuria kubwa huazimwa kwa jirani, na mwenyeji hujiuliza atawaonyesha nini wageni wake ambacho hawakukiona mwaka jana.

Wengi wetu huwapeleka wageni pwani ya mchanga, wakatia miguu majini, wakanunua mihogo ya kukaanga na mabuyu, wakarudi. Si vibaya. Walakini mtu aliyesimama ufukoni ameiona bahari kama mtu aliyesimama mlangoni ameiona nyumba. Mwaka huu nilikata shauri kuwachukua wageni wangu katika chombo cha tanga, waiangalie Mombasa kutoka majini, kama walivyoiangalia watu waliofika kwanza. Yaliyotokea siku ile ni machache, wala hayakutoka gazetini. Lakini yalinifunza jambo moja juu ya heshima ya mgeni na heshima ya nahodha, nami naona ni vema kuliandika, kwa kuwa kila mwaka watu wengi hupanda vyombo pasipo kulifikiri.

Aliyeianzisha safari hii ni mjomba wangu. Alikuwa mwalimu huko Taita kwa miaka zaidi ya thelathini, na katika somo la jiografia aliwafundisha watoto mwaka baada ya mwaka ya kwamba Mombasa ni kisiwa. Watoto walimwamini, lakini yeye mwenyewe alikuwa na neno moyoni. Kila alipokuja Mombasa zamani alikuja kwa basi, na basi likaingia mjini kwa kupita juu ya tuta la Makupa, lililojengwa kupitisha reli na barabara. Huku na huku aliona matope na jaa la taka la Kibarani, ambalo siku zile lilikuwa halijafungwa. Ni kisiwa gani hiki, alikuwa akisema, ambacho mtu hukiingia na viatu vyake vikavu, wala hajui ni wapi alipovuka maji?

Safari hii alikuja kwa gari la moshi la reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, akateremka Miritini, ambapo ni bara bado, kisha akaletwa mjini kwa gari usiku. Nikamwambia kwamba pale Makupa sasa pana daraja, lililofunguliwa mwaka 2022, na kwamba tuta la zamani liliondolewa ili maji ya upande wa Tudor yapate kuonana tena na maji ya upande wa Port Reitz. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi, mpwa wangu, nataka nikizunguke. Nina miaka 74. Nikizunguke mara moja tu, nijue kwamba sikuwadanganya watoto wa watu.”

Nikaenda Bandari ya Kale, chini ya Mji wa Kale, kumtafuta mwenye mashua. Mashua, kwa wasomaji wa bara wasioijua, ni chombo kisicho na sitaha, chenye mlingoti mmoja na tanga moja la pembe tatu. Tanga hilo hufungwa katika foromali, nao ni mti mrefu unaopandishwa mlingotini kwa kamba. Mwenye mashua niliyempata ni mtu wa makamo, mpole, mwenye maneno machache. Kabla hajataja bei aliniuliza maswali matatu: watu wangapi, watoto wangapi, na siku gani. Nilipomwambia haja ya mjomba, alitikisa kichwa. “Kuzunguka kisiwa kwa tanga wakati huu wa kusi sikuahidi,” akasema. “Nitawachukua mkaione Ngome, tutie nanga, tungoje maji yageuke, kisha nitawapandisha mtoni Tudor kwa maji ya kujaa. Ya mlango wa bahari tutayatazama tukifika.” Nikakubali, nikawaeleza wageni wangu maneno hayo kama nilivyoyasikia.

Yafaa nieleze kidogo habari ya maji, maana ndiyo asili ya maneno yote yaliyofuata. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku hukawia kwa kadiri ya dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, huja bamvua, yaani maji makuu. Wakati huo hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi. Katikati ya nyakati hizo huja maji mafu, yasiyokwenda sana. Tena hapa kwetu Mombasa siku za bamvua maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Mvuvi hahitaji saa ya mkononi kuyajua hayo, mwezi humtosha. Maji hayo yanayoingia katika hori ya Tudor, mengi yake hutoka tena kwa njia ile ile nyembamba mbele ya Mji wa Kale, na yanapotoka huenda kwa nguvu.

Tulikuwa watu 12 chomboni: mimi, mke wangu na watoto wetu wawili, mjomba, mkaza mjomba na wajukuu wao wawili, rafiki yangu niliyesoma naye shule ya misheni, ambaye sasa ni mfanyabiashara Nairobi, na nahodha na mabaharia wake wawili. Jaketi za kuokoa maisha zilikuwa 12. Mtoto wa jirani alitufuata hadi gatini akilia kutaka kwenda nasi, na rafiki yangu akasema mtoto mmoja si kitu, atakaa juu ya magoti yake. Nahodha akazihesabu jaketi kwa kidole mbele yetu sote, kisha akamtazama yule mtoto akamwambia kwa upole, “Wewe siku yako ipo.” Mtoto akarudi kwao. Lilikuwa jambo dogo, nami sikulitilia maanani sana saa ile.

Tukang'oa nanga saa 1 asubuhi, maji yakitoka. Mji wa Kale ukaanza kupita ubavuni mwetu: nyumba ndefu nyeupe zenye roshani za mbao, minara ya misikiti, na vijana waliokaa juu ya kuta wakitupungia mikono. Mkaza mjomba alikuwa ameshika ubao kwa mikono miwili, lakini macho yake yalikuwa wazi. Nikawaambia watoto kwamba Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika hapa mwaka 1331, akaandika kwamba watu wa Mombasa hula ndizi na samaki, na kwamba misikiti yao ilijengwa kwa mbao na imejengwa vizuri. Mmoja wa wajukuu akauliza kama Ibn Battuta naye alitapika chomboni. Sikuwa na jibu.

Upande wa ng'ambo, kule Nyali, nilimwonyesha mjomba mahali alipozikwa Rosina, mke wa mmisionari Krapf, aliyekufa mwaka 1844, miezi michache tu baada ya wao kufika, pamoja na mtoto wake mchanga. Sisi tuliosoma katika shule za misheni tulifundishwa sana habari za Krapf na kamusi yake ya Kiswahili, lakini kuliona kaburi la mkewe kuwa karibu hivi na maji, likielekea mji, ni jambo jingine. Mjomba akavua kofia.

Kisha ikatokea Ngome ya Yesu. Mtu aliyeizoea kutoka barabarani, penye wauza madafu na magari ya watalii, hawezi kudhani ni kitu kile kile. Kutoka majini huonekana kuwa imeota katika jabali. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitalia aitwaye Giovanni Battista Cairati, na mwaka 2011 UNESCO waliiandika katika urithi wa ulimwengu. Waarabu wa Oman waliizingira kutoka mwaka 1696 hata mwaka 1698 walipoitwaa. Mwaka 1697 ilikuja merikebu ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná kuwasaidia waliozingirwa, ikazama papa hapa mbele ya Ngome. Mabaki yake yalikaa chini ya maji karibu miaka 280, hata wataalamu wakashuka kuyachimba kutoka mwaka 1977. Nahodha aliyasikia maneno yangu, akaongeza lake moja tu: “Hiyo ilikuwa na mizinga, na bahari haikuiogopa.”

Tulipokwisha kuipita Ngome, mambo yakabadilika. Upepo wa kusi ulikuwa ukitoka baharini, unatujia usoni, nasi ikatulazimu kubisha. Katika lugha ya mabaharia, kubisha ni kukiendesha chombo kuelekea upepo utokako, si kwa njia iliyonyoka, bali kwa kwenda mshazari, mara upande huu, mara upande ule. Kila chombo kilipogeuka, mabaharia waliihamisha foromali ikaenda upande wa pili wa mlingoti, tanga likapiga kelele kama bunduki, na nahodha akatuamuru sote tuhame tukakae upande utokako upepo, ili uzito wetu usimame dhidi ya tanga. “Hamieni huku! Kaeni chini!” Mjomba akahama kama askari. Rafiki yangu alihama polepole, akicheka.

Mbele yetu sasa palikuwa mlango wa bahari. Kulia tuliuona mnara wa taa wa Ras Serani, na nyuma yake ndiyo njia ya kuingilia Kilindini, hadi kivuko cha Likoni na bandari kubwa. Mtu akiupita mnara ule, akaingia Kilindini, akaendelea hata Makupa na kutokea Tudor, atakuwa amekizunguka kisiwa. Mjomba alijua hivyo. Alikuwa na ramani kichwani. Akanyosha mkono akasema, “Nahodha, ni pale tu. Naona hapafiki hata maili mbili.”

Nahodha alikuwa akiyatazama maji. Pale mlangoni maji yaliyokuwa yakitoka kwa nguvu za bamvua yalikutana na upepo wa kusi uliokuwa ukiingia, na mawimbi yake hayakuwa marefu ya kulala, bali mafupi, yaliyosimama wima, yenye povu juu. Kila mmoja wetu aliyaona, lakini nadhani ni yeye peke yake aliyeyasoma. Akasema, “Mzee wangu, hapa ndipo mwisho wetu leo. Tunarudi.”

Mjomba akanyamaza. Aliyesema ni rafiki yangu. “Bwana Nahodha,” akasema, “huyu ni mzee, ametoka Taita kwa ajili ya jambo hili moja. Tena tumekulipa ya siku nzima. Kama ni fedha, taja, nitaongeza sasa hivi.” Akatoa pochi yake. Na mjomba, ambaye si mtu wa kushindana, akasema kwa sauti ndogo, “Nahodha, mimi nimekwisha kula chumvi nyingi. Siogopi.”

Nahodha hakukasirika. Usukani ulikuwa kwapani mwake, na macho yake hayakutoka katika tanga. Akajibu, “Bwana, mlichokodi ni chombo. Roho zenu hamkuniuzia, nami sina duka la roho. Na wewe, mzee wangu, najua huogopi. Mimi ndiye ninayeogopa, na kuogopa ndiyo kazi yangu.” Kisha akanigeukia mimi. “Bwana Karani, sema na jamaa zako.”

Ndugu msomaji, fikiri nilivyokuwa pale. Kwa desturi zetu sote, za bara na za pwani, mgeni huheshimiwa, na mkubwa hakatazwi jambo mbele ya watu. Mjomba ndugu wa mama yangu ndiye aliyenilipia karo ya kidato cha kwanza na cha pili. Hakuwahi kuniomba kitu tangu nianze kazi, na sasa alikuwa ameniomba kimoja tu, nacho kilikuwa pale mbele ya macho yetu. Kwa upande wa pili, watoto wanne walikuwa wameketi miguuni mwetu, wamelowa maji ya chumvi, na mmoja wa mabaharia alikuwa amekwisha kuinama na upo mkononi akiyatoa maji yaliyoingia chomboni. Kumkubalia nahodha kulionekana kama kumnyima mjomba, na kumkubalia mjomba kulikuwa ni kumwondoa nahodha katika unahodha wake. Njia ya tatu haikuwapo.

Nikasema, “Mjomba, ulipokuwa mwalimu mkuu, akaingia mzazi darasani kukuonyesha la kufundisha, ulimfanyaje?”

Mjomba akanitazama kwa muda. Wimbi likatupiga, likamwagia maji begani. Kisha akaanza kucheka. “Nilimpa kiti,” akasema, “nikaendelea kufundisha.” Akamgeukia nahodha: “Nimeketi, Mwalimu. Endelea.”

Rafiki yangu akairudisha pochi mfukoni. Chombo kikageuka, upepo ukawa nyuma yetu, na ghafula kelele zote zikakoma, kama mtu aliyefunga dirisha. Mkaza mjomba akasema “Asante” kwa sauti iliyosikika na watu wote, asijulikane amemshukuru Mungu au nahodha.

Tukatia nanga karibu na upande wa Nyali, mahali palipokingwa na upepo, tukangoja maji yapwe kabisa. Mke wangu akafungua vyombo: mahamri, mbaazi za nazi, viazi vya karai, na chai ya tangawizi katika chupa. Mkaza mjomba naye akatoa kimanga alichokipika jana yake kwa maharagwe na mihogo ya kwao. Mabaharia walikula kimanga kwa mara ya kwanza, wakaomba tena, na mazungumzo yakawa mazuri.

Ndipo nahodha, ambaye alikuwa hasemi, alipoanza kusema. Akatueleza jinsi babu yake alivyofanya kazi bandarini wakati majahazi makubwa ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yalipokuwa yakijaa mbele ya Mji wa Kale. Yalikuja na upepo wa kaskazi, ambao huvuma kutoka Desemba hata Machi, yakileta tende, chumvi, samaki mkavu na mazulia. Na yalirudi kwa upepo wa kusi, yakichukua boriti za mikoko, nafaka na nazi. Manahodha wale walijua hesabu ya biashara, lakini walijua zaidi siku ya kungoja. Mtu aliyekawia kuondoka hata kusi ikawa kali alingoja bandarini hata ipungue, naye hakuona haya. “Wao walingoja miezi,” akasema, “na nyinyi nawaomba saa tatu.” Mjomba akakubali kwamba hesabu hiyo ilikuwa sawa.

Kisha mjomba akamwuliza kwa nini tusiupite mlango ule maji yakianza kujaa, maana hapo maji na upepo vitakwenda njia moja. Nahodha akafurahi kuulizwa swali hilo. Akajibu kwamba kweli mawimbi yatapungua, lakini tutakuwa tunakwenda kinyume cha vyote viwili, maji na upepo, katika njia zipitazo meli kubwa za Kilindini, ambazo haziwezi kusimama wala kugeuka kwa ajili ya mashua. Na tanga letu halina mashini. “Sikusema haiwezekani,” akasema. “Nilisema si leo, wala si na watoto.”

Karibu na saa 5 maji yakageuka. Tukapandisha tanga. Sasa kila kitu kilikuwa upande wetu: maji yakiingia, na kusi ikisukuma kwa nyuma, na chombo kikaenda bila kutikisika, hata watoto wakalala. Tukaupita Mji wa Kale tena, tukapita chini ya daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 badala ya lile la zamani lililokuwa likielea juu ya maji tangu mwaka 1931. Kisha hori ikapanuka, kelele za mji zikabaki nyuma, na pande zote tukaona mikoko imesimama majini kwa mizizi yake, na ndege weupe juu yake, na wavuvi katika mitumbwi ya mtu mmoja.

Mjomba alihamia omo, mbele kabisa ya chombo, akakaa peke yake. Tulikwenda hivyo, tukikizunguka kisiwa kwa upande wa kaskazini, hata kwa mbali tukaliona daraja la Makupa na magari yakipita juu yake madogo kama mchwa. Nahodha hakulikaribia, alisema maji ya kule hana mazoea nayo, na mtu huenda mahali apajuapo. Lakini tulikuwa karibu kiasi cha kuona mwanga chini ya daraja, na chini ya mwanga ule tuliona maji, maji yanayoendelea upande wa pili. Kushoto kwetu ulikuwa mji; kulia kwetu ilikuwa bara; na kati yao hapakuwa na kitu kavu ila lile daraja hewani.

Mjomba alitazama kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, “Ni kisiwa.” Hakusema zaidi.

Tulirudi gatini alasiri, tukateremka salama, tukaagana na nahodha. Rafiki yangu, ambaye sikutazamia aseme neno, alimpa mkono akamwambia, “Nilidhani unatafuta nyongeza.” Nahodha akajibu, “Wengi hudhani.”

Nimeyafikiri mambo ya siku ile mara nyingi. Jambo linalonishika zaidi ni hili: hatukupata ushahidi wowote kwamba nahodha alikuwa na haki. Hapana chombo kilichozama pale mlangoni siku ile. Pengine tungalipita, tukalowa, tukacheka, na mjomba angalikizunguka kisiwa chake. Mtu akitaka kubishana anaweza kusema tulirudi bure. Na hapo ndipo penye ugumu wa kumtii nahodha, na daktari, na kila mtu ambaye kazi yake ni kuzuia msiba: akifanya kazi yake vema, halionekani jambo lolote. Msiba usiotokea hauna picha, wala hauna hesabu, wala haushukuriwi na mtu. Usalama hauachi ushahidi. Hatari ndiyo huuacha.

Ushahidi wa hatari tunao, na uko katika maji haya haya. Mnamo tarehe 29 Aprili, 1994, kivuko cha Mtongwe kilipinduka karibu kabisa na nchi kavu, watu wengi wakiwa njiani kwenda kazini asubuhi, na watu 272 wakafa. Kivuko kilikuwa kimechukua watu kupita kadiri yake. Hakukuwa na tufani siku ile, wala safari haikuwa ndefu. Wale walioingia mwisho walikuwa watu kama sisi, wenye haraka za halali, na kila mmoja wao bila shaka alifikiri kwamba mtu mmoja zaidi si kitu. Ninapoyakumbuka hayo, ndipo ninapokumbuka yule mtoto wa jirani aliyerudishwa gatini, na kidole cha nahodha kikizihesabu jaketi, nami huona kwamba pale, kabla hata hatujaondoka, ndipo safari yetu ilipookolewa.

Basi, kwa wasomaji wenye wageni na wenye nia ya kuwapeleka baharini, au ziwani Victoria, au popote penye maji na chombo, nasema haya machache. Hesabuni jaketi kabla ya kuhesabu watu, na mtoto avae ya mtoto. Ulizeni habari za maji na upepo siku moja kabla, si mkiwa gatini na vikapu mikononi. Mkimwona nahodha akubaliye kila neno lenu, mkaogope chombo chake. Na jambo kubwa kuliko yote, wakubwa wa jamaa waambiwe wangali nyumbani, kwa heshima, kwamba chomboni hapana mjomba wala mlipaji, kuna abiria na nahodha. Ni vigumu sana kuyasema hayo wimbi likiwa usoni. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na hawakusema ila wawe wajomba.

Lugha yetu ina siri yake katika neno lile la kubisha. Kumbisha mtu ni kumpinga; kubisha baharini ni kuuendea upepo. Nahodha hubisha upepo siku zote, kwa kuwa anajua kadiri yake na kadiri ya tanga lake. Abiria akimbisha nahodha, chombo kina pepo mbili, na moja yao imo ndani.

Mjomba amekwisha kurudi Taita. Juma lililopita nilipata habari zake: ameitwa shule yake ya zamani kuzungumza na watoto, naye amewaambia kwamba Mombasa ni kisiwa, ameona kwa macho yake, upande mmoja na nusu. Ule mwingine, asema, atakuja kuumalizia Desemba, kusi ikiisha kuondoka. Nikampelekea nahodha salamu hizo pale Bandari ya Kale, nikamwuliza kama Desemba itafaa. Akayatazama maji, akasema kwamba Desemba haijafika.